Stesheni si Jengo Tu: Treni za Abiria wa Kila Siku na Hifadhi ya Reli kati ya Tanga na Muheza

Reli inayotoka bandari ya Tanga kuelekea Muheza ndiyo kipande cha kwanza cha reli kujengwa katika ardhi ya Tanzania Bara. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893, mwaka ule ule ambao miche ya kwanza ya mkonge iliwasili katika pwani hii, na mwaka 1896 njia ilikuwa imefika Muheza. Umbali huo ni wa kilomita zipatazo 40. Katika miji mikubwa ya dunia, kilomita 40 ni safari ya mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani kwake jioni.

Hata hivyo, mama anayepeleka machungwa ya Muheza katika soko la Mgandini, mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bombo, na kijana anayesoma chuo mjini Tanga, wote huitegemea barabara. Reli imelala kando yao. Ndiyo maana katika vijiji na mitaa inayopitiwa na njia hiyo huulizwa swali moja mara kwa mara: ikiwa Dar es Salaam ina treni ya kubeba abiria wa mjini, kwa nini reli iliyo kongwe kuliko zote isiwe nayo?

Makala haya yanaeleza treni ya abiria wa kila siku ni kitu gani, stesheni yake huhitaji nini ili iwafae watu, na ni sehemu ipi ya kazi hiyo iliyo mikononi mwa wakazi wenyewe. Sehemu hiyo ni ya ardhi na usalama, na haingojei treni ifike ndipo ianze.

Njia ilikotoka

Kutoka Muheza, reli iliendelea hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Arusha ilifikiwa mwaka 1929, wakati wa utawala wa Waingereza. Kwa miaka mingi reli hii ilisimama peke yake, bila kuungana na Reli ya Kati inayoanzia Dar es Salaam. Muungano huo ulipatikana mwaka 1963, ilipokamilika njia ya kutoka Ruvu hadi karibu na Korogwe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Reli. Katika miaka ya 1990 treni za abiria za kaskazini zilisimama, na baadaye hata za mizigo zikaadimika. Nyasi ziliota katikati ya mataruma. Mwezi Julai 2019 treni ya mizigo ilirejea hadi Moshi. Mwezi Desemba mwaka huo huo ikarejea treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na mwezi Oktoba 2020 ikafika Arusha. Abiria walikuwa wamengoja kwa takriban miaka 25.

Mkazi wa Muheza anapaswa kuelewa jambo moja kuhusu safari hiyo. Treni inayotoka Dar es Salaam kupitia Ruvu huingia katika reli ya kaskazini karibu na Korogwe, kisha hugeukia Mombo na Moshi. Kipande cha Muheza na Tanga hubaki upande wa pili wa makutano hayo. Kwa hiyo kurejea kwa treni ya Arusha hakukumaanisha moja kwa moja kwamba Muheza imepata treni.

Aina tatu za treni ya abiria

Watu wengi hutumia neno moja, treni, kwa vitu vitatu vilivyo tofauti.

Ya kwanza ni treni ya masafa marefu. Hiyo ndiyo treni ya Arusha au ya Kigoma. Huondoka mara chache kwa wiki, hubeba mizigo ya abiria, ina mabehewa ya madaraja tofauti, na msafiri hukata tiketi mapema. Treni za umeme za reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024, nazo ni za kundi hili, ingawa huondoka mara kadhaa kwa siku.

Ya pili ni treni ya abiria wa kila siku. Hii huunganisha katikati ya jiji na vitongoji vyake. Abiria wake hawana mabegi makubwa, hukaa ndani kwa muda usiozidi saa moja hivi, na wengi wao husimama. Mara nyingi hutumia reli ile ile inayotumiwa na treni za mizigo na za masafa.

Ya tatu ni metro. Hii ina njia yake peke yake, ama chini ya ardhi, ama juu ya nguzo, ama ndani ya uzio, na haikutani na barabara popote. Kwa kuwa hakuna gari wala mtembea kwa miguu anayeweza kuikatiza, treni zake huweza kufuatana kwa dakika chache. Metro ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa Cairo mwaka 1987. Katika jiji la pwani la Lagos, nchini Nigeria, njia ya treni ya umeme kutoka Marina hadi Mile 2 ilianza kubeba abiria mwezi Septemba 2023, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 10. Urefu wake ni kilomita 13 na stesheni zake ni tano. Takwimu hizo zinatosha kuonyesha kwamba metro ni mradi wa majiji yenye mamilioni ya watu na wa fedha nyingi mno.

Kwa hiyo, kinachoweza kulinganishwa na mahitaji ya Tanga na Muheza si metro. Ni aina ya pili, na mfano wake wa karibu uko Dar es Salaam.

Dar es Salaam ilivyoanza

Treni ya abiria wa mjini ilianza Dar es Salaam mwishoni mwa Oktoba 2012. Foleni za magari zilikuwa zimefikia kiasi cha kumfanya mfanyakazi atumie saa mbili au zaidi kufika kazini. Wakazi waliiita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe.

Huduma zilikuwa mbili. Moja ilitumia Reli ya Kati, kutoka Stesheni, karibu na bandari, kupitia Kamata, Buguruni, Tabata na Mabibo hadi Ubungo Maziwa. Ya pili ilitumia reli ya TAZARA, kutoka stesheni yake iliyoko Barabara ya Nyerere hadi Mwakanga. Mwaka 2016 Reli ya Kati iliongeza safari ya kwenda Pugu kupitia Gongo la Mboto. Treni hizo zilipangwa kukimbia asubuhi na jioni, saa ambazo watu wengi hutoka na kurudi.

Huduma hizi hazikujengewa njia mpya. Zilitumia reli zilizokuwapo, vichwa vya treni na mabehewa yaliyokarabatiwa, na vituo ambavyo vingine vilikuwa ni jukwaa fupi na kibanda. Hilo ndilo lililowezesha kuanza haraka. Hilo pia ndilo lililoweka mipaka ya huduma yenyewe, kwa sababu treni ya mjini ilibidi ipishane na treni za mizigo na za masafa katika njia moja.

Upo mpaka mwingine ambao wengi hawauoni kwa macho. Reli ya Kati ya zamani, kama ile ya Tanga, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja cha mkono. Lakini kwa tofauti hiyo ndogo, behewa la upande mmoja haliwezi kupita upande wa pili, na abiria wa Mwakanga hawezi kufika Stesheni bila kushuka na kubadili chombo. Reli ya kisasa ina milimita 1,435, kwa hiyo nayo ina njia yake mbali na hizo mbili.

Mambo manne yanayofanya stesheni iwe na maana

Uzoefu wa Dar es Salaam na wa miji mingine unaonyesha kwamba jengo zuri si sharti la kwanza la stesheni ya abiria wa kila siku. Yapo mambo manne yanayotangulia.

*Mahali.* Stesheni ifae pande zote mbili za safari: iwe karibu na wanakolala watu na karibu na wanakofanyia kazi. Safari ya Pugu ilipata abiria kwa sababu Gongo la Mboto na vitongoji vyake vina watu wengi wanaotegemea barabara moja kuu, na kwa sababu Kamata ni hatua chache kutoka Kariakoo. Kinyume chake huonekana Mombasa. Stesheni kuu ya reli mpya ya Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2017, iko Miritini, nje ya kisiwa. Kwa msafiri wa Nairobi umbali huo unavumilika. Kwa mtu anayekwenda kazini kila siku, nauli ya pili na muda wa pili vingemfanya aipande matatu tangu mwanzo.

Kwa kipimo hicho, Tanga ina bahati ambayo miji mingi haina. Stesheni yake ya zamani iko mjini kabisa. Reli hupita kati ya eneo la maofisi na mabenki kwa upande mmoja, na mitaa ya barabara zenye namba ya Ngamiani kwa upande mwingine. Anayeshuka hapo huweza kufika sokoni, ofisini au bandarini kwa miguu au kwa baiskeli, chombo ambacho mji wa Tanga umekizoea kuliko miji mingi ya nchi hii.

*Ratiba.* Abiria wa kila siku hapangi siku yake kwa kuifuata treni. Treni ndiyo inayopaswa kufuata siku yake. Chukua mfano wa treni moja inayokwenda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa pamoja na vituo vya njiani. Ikiondoka Muheza saa 12 asubuhi, itafika Tanga saa 1. Ikigeuka mara moja, itakuwa Muheza saa 2, na itawafikisha abiria wa zamu ya pili Tanga saa 3 asubuhi, wakati ofisi zimeshafunguliwa na soko limeshachangamka. Treni moja, basi, hutoa safari moja tu yenye manufaa kwa mfanyakazi. Ikihitajika ya pili, lazima treni hizo mbili zipishane mahali fulani katikati, kama vile Pongwe au Ngomeni, penye njia ya pili ya kupishania na mtumishi au mitambo ya kuongoza treni. Ndiyo sababu stesheni ndogo za kati huweza kuwa na umuhimu mkubwa hata kama abiria wake ni wachache.

*Kupanda na kushuka.* Katika stesheni nyingi za zamani jukwaa ni la chini, na abiria hupanda ngazi za behewa akishika chuma. Kijana hufanya hivyo kwa wepesi. Mzee, mjamzito, mtu mwenye ulemavu na mama mwenye tenga la machungwa hawawezi. Treni ikichelewa dakika tatu zaidi katika kila kituo kwa sababu ya ugumu wa kupanda, vituo kumi huila nusu saa nzima. Metro huweza kusimama kwa nusu dakika na kuondoka kwa sababu sakafu ya behewa na jukwaa viko sawa, na milango ni mingi na mipana. Kuinua jukwaa ni kazi ya zege na vipimo, na faida yake humfikia kila abiria kila siku.

*Njia ya kufika stesheni.* Abiria hufika stesheni akiwa mtembea kwa miguu. Njia yake ikiwa na tope wakati wa masika, au giza saa 11 alfajiri, au ikimlazimu kuvuka reli mahali pasipo na kivuko, atachagua daladala. Mahali pa kuegesha bodaboda na bajaji, taa, choo safi, maji na sehemu ya wachuuzi iliyopangwa si mapambo. Ni sehemu ya huduma, na mengi ya hayo huweza kuangukia katika kazi za halmashauri na serikali za vijiji na mitaa kwa kushirikiana na Shirika la Reli.

Ardhi ndiyo inayotangulia yote

Mambo hayo manne yana msingi mmoja. Stesheni haiwezi kupanuliwa, jukwaa haliwezi kurefushwa na njia ya kupishania haiwezi kurudishwa ikiwa ardhi yake imeshajengwa.

Sheria ya Reli Na. 10 ya mwaka 2017, ambayo ndiyo iliyounda Shirika la Reli Tanzania (TRC) kama lilivyo sasa, inalinda eneo la hifadhi kando ya njia. Hifadhi hiyo ni mita 15 kila upande katika maeneo ya mijini na mita 30 kila upande nje ya miji. Maeneo ya stesheni yana mipaka yake yenyewe, ambayo mara nyingi ni mipana zaidi, kwa kuwa humo ndimo zilimo njia za kupishania, maghala na nyumba za watumishi.

Ni rahisi kuelewa jinsi uvamizi ulivyotokea. Kwa takriban miaka 25 hapakuwa na treni ya abiria. Mtu aliyezaliwa mwaka 1995 alifika utu uzima bila kuiona. Pahali palipokuwa wazi palilimwa mahindi na mihogo, kisha pakawekwa kibanda cha biashara, kisha nyumba ya udongo, kisha ya matofali. Mara nyingine kiwanja kiliuzwa kwa karatasi ya mkono iliyoshuhudiwa na majirani. Aliyenunua alilipa fedha yake ya halali, naye hakuelezwa kwamba aliyemuuzia hakuwa na cha kuuza.

Hapo ndipo hasara inapoangukia familia. Serikali inapotwaa ardhi ya mwananchi iliyo nje ya hifadhi kwa ajili ya mradi wa umma, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinataka alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini aliyejenga ndani ya hifadhi ya reli kwa kawaida hatambuliwi kuwa na haki ya fidia, hata kama nyumba yake ni nzuri na ameishi humo miaka mingi. Dar es Salaam imeyaona hayo kandokando ya reli na barabara zake kuu: alama ya X nyekundu ukutani, notisi, kisha tingatinga. Wengi waliopoteza nyumba hawakuwa wavamizi kwa nia. Walikuwa wanunuzi wasiouliza.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa Tanga. Serikali imekuwa na mpango wa muda mrefu wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Moshi na Arusha hadi Musoma. Njia mpya kwa kawaida hupinda kidogo kidogo na huhitaji nafasi kubwa kuliko ile ya zamani. Mipaka ikiwa inajulikana mapema, kila familia itajua iko upande gani wa mstari: ndani ya hifadhi, ambako haipaswi kujenga, au nje yake, ambako haki yake ya fidia ni ya kisheria na inapaswa kulindwa kwa nyaraka sahihi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ukuta wenyewe huenda ukabomolewa.

Usalama: treni haina usukani

Kurejea kwa treni katika reli iliyokaa kimya kuna hatari yake. Watu wamezoea kuifanya reli kuwa njia ya miguu, mahali pa kuanikia mahindi na uwanja wa watoto. Njia tulivu huonekana salama hadi siku inapopita treni isiyotarajiwa, ambayo huenda ikawa treni ya mizigo au kiberenge cha mafundi.

Dereva wa gari anaweza kukwepa au kusimama katika mita chache. Treni haiwezi kufanya lolote kati ya hayo. Magurudumu yake ya chuma hukimbia juu ya chuma, kwa hiyo mshiko wake ni mdogo, na uzito wa mabehewa yote huisukuma mbele hata baada ya breki kufungwa. Treni iliyo katika mwendo huhitaji mamia ya mita ili isimame. Nzito ya mizigo huweza kuhitaji hata zaidi ya kilomita moja. Dereva wa treni anapomwona mtu kwenye reli, mara nyingi kilichobaki kwake ni kupiga honi tu.

Ndiyo sababu katika makutano ya reli na barabara, treni ndiyo yenye haki ya kupita kwanza wakati wote. Bodaboda inapaswa kusimama kabla ya kibao, si juu ya reli. Dereva wake atoe vizibo vya muziki masikioni, atazame pande zote mbili na asikilize. Katika njia zilizo mbili, treni moja ikishapita ni lazima kungoja na kutazama tena, kwa kuwa ya pili huweza kuwa inakuja kutoka upande mwingine ikiwa imefichwa na ile ya kwanza.

Mji wa Mumbai, nchini India, ambako treni ya kwanza ya abiria ilisafiri hadi Thane mwaka 1853, una moja ya mitandao mikubwa zaidi ya treni za abiria wa kila siku duniani. Hata huko, baada ya zaidi ya miaka 170 ya mazoea, watu wengi hufa kila mwaka kwa kuvuka reli pasipo na kivuko, kwa sababu tu daraja la waenda kwa miguu liko mbali kidogo. Somo lake ni kwamba kivuko kinapaswa kuwekwa pale watu wanapopita, na watu nao wakitumie kikishawekwa. Vijiji vinavyojua ni wapi watoto wao huvuka kwenda shule ndivyo vinavyoweza kuonyesha mahali panapostahili kivuko.

Mambo yaliyo mikononi mwa wakazi

Ratiba ya treni hupangwa na Shirika la Reli, na mabehewa hununuliwa kwa bajeti ya taifa. Lakini mambo yafuatayo hayahitaji kungoja uamuzi wa mtu yeyote.

Kwanza, kabla ya kununua kiwanja au shamba karibu na reli, mnunuzi amwone Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, kisha afike ofisi ya ardhi ya halmashauri kuulizia ramani ya eneo na mawe ya mipaka. Saini ya majirani au ya kiongozi wa kitongoji haiwezi kuhalalisha uuzaji wa hifadhi ya reli.

Pili, mwenye nyumba au shamba lililo nje ya hifadhi ahakikishe umiliki wake una nyaraka. Kwa ardhi ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila ni ushahidi wenye nguvu. Anayesubiri mradi ufike ndipo atafute karatasi huwa amechelewa.

Tatu, mataruma, vyuma na boliti za reli si vyuma chakavu. Boliti moja inapong'olewa, hatari yake haionekani hadi treni ipite. Anayeona mtu akivifungua, au anayeona reli iliyopinda, tuta lililoliwa na maji au daraja lililopasuka, atoe taarifa katika stesheni iliyo karibu, kituo cha polisi au ofisi ya Mtendaji bila kuchelewa.

Nne, takataka zisitupwe katika makalvati na mitaro ya reli. Mvua kubwa za pwani huhitaji pa kupitia; zikikosa, hukata tuta, na reli hubaki ikining'inia hewani.

Tano, mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndio mahali pa kujadili vivuko vya watoto, njia za mifugo na nafasi za wachuuzi karibu na stesheni. Hoja zilizoandikwa katika muhtasari wa mkutano hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo Diwani huzifikisha katika vikao vya halmashauri. Hoja inayosema "tunataka treni" hujibiwa kwa maneno. Hoja inayotaja idadi ya wanafunzi wanaovuka reli kila asubuhi, mahali wanapovukia na umbali wa kivuko kilicho karibu huweza kupimwa na kutendewa kazi.

Sita, wazazi na walimu wawafundishe watoto kwamba reli si njia ya kutembelea, hata siku ambazo treni haipiti.

Njia ya kutoka Tanga hadi Muheza ilijengwa kwa ajili ya kupeleka mazao bandarini, na kwa miaka mingi ilipeleka pia watu. Ikiwa siku moja treni ya asubuhi itaanza tena kuchukua abiria Muheza, Ngomeni na Pongwe, itahitaji jukwaa, njia ya kupishania na mahali pa kusimama watu. Ardhi ya kuyaweka hayo ipo leo, na mipaka yake inajulikana. Mkazi anayeihifadhi anailinda nyumba yake isije kubomolewa, anamlinda mtoto wake asije kugongwa, na anaiwekea akiba safari ambayo huenda yeye mwenyewe ataipanda.